Msondo na Sikinde: Ubishi Uliofika Chato kwa Redio

Mhariri alinitaka niandike habari za historia. Hapana shaka alitazamia niandike juu ya Wajerumani na boma lao la Biharamulo, au juu ya vyama vya ushirika vya pamba na kazi aliyoifanya marehemu Paul Bomani. Hayo yana waandishi wake, na baadhi yao nilikaa nao dawati moja. Mimi nimechagua ubishi wa Msondo na Sikinde, ambao kila aliyelala katika mabweni yetu miaka ya 1990 anaukumbuka, awe alikuwa na upande wake au alikuwa akitafuta usingizi tu.

Kwa ajili ya wadogo zetu waliomaliza juzi juzi, na ambao yawezekana hawajapata kusikia tarumbeta redioni ila kwenye mazishi ya viongozi, nieleze kwanza kwamba hizi ni bendi mbili za muziki wa dansi za Dar es Salaam, na kwamba zote mbili zimedumu kuliko mashirika yaliyozizaa.

Ya kwanza ilizaliwa mwaka 1964. Januari ya mwaka ule askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na baada ya maasi kuzimwa viongozi kadha wa vyama vya wafanyakazi wakawekwa kizuizini. Shirikisho lao, TFL, likavunjwa, na mahali pake kikawekwa chama kimoja tu, yaani NUTA, chini ya Michael Kamaliza aliyekuwa pia Waziri wa Kazi. Chama hicho ndicho kilichoanzisha NUTA Jazz. Kabla ya hapo bendi zetu nyingi zilikuwa vilabu. Watu waliotoka upande mmoja wa nchi, au waliokaa mtaa mmoja, walichangishana wakanunua magitaa na ngoma, wakapiga Jumamosi baada ya kazi zao za mchana. Western Jazz, iliyovuma kwa mtindo wa Saboso, ilipewa jina hilo kwa sababu chimbuko lake lilikuwa kwa watu wa magharibi ya Tanganyika waliokuwa mjini, ndugu zetu wa Nzega na Tabora. NUTA ikaleta jambo geni. Mwanamuziki aliajiriwa, akapokea mshahara wa mwezi kama karani au tarishi, na vyombo vikawa mali ya chama. Miongoni mwa waimbaji wa mwanzo alikuwemo kijana wa Kisarawe, mzaliwa wa mwaka 1940, aliyekwisha kuimba Kilwa Jazz. Jina lake Muhidin Maalim Gurumo.

Utaratibu huo wa ajira ukaenea upesi. Jeshi, Polisi, Umoja wa Vijana, kiwanda cha nguo cha Urafiki, Shirika la Bima, kila mmoja akawa na bendi yake, na kila bendi ikawa na mtindo wake wenye jina. Polisi walikuwa na Vangavanga, Mwenge Jazz ya jeshi ikawa na Paselepa, Bima Lee ikaja na Magnet Tingisha. Hata almasi ya Mwadui, ambayo sisi watu wa kanda hii tuliiona ikipita bila kutugusa, iliingia katika muziki kwa njia ya mzunguko: kiwanda cha kukata almasi cha Iringa kilianzisha Tancut Almasi Orchestra, wakaimba humo wale mapacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Sijui nchi nyingine ambako kampuni ya bima iligombea waimbaji na kiwanda cha khanga.

Baada ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977, chama cha wafanyakazi kikageuka kuwa JUWATA, na bendi ikaitwa JUWATA Jazz. Mwaka 1978 mambo yakaharibika. Kampuni ya usafiri na teksi ya TTTS ilikuwa na ukumbi wa Mlimani Park, jirani na Chuo Kikuu, nayo ikataka bendi ya kupiga hapo. Gurumo akatoka JUWATA akaenda. Hassan Rehani Bitchuka naye akafuata njia hiyo. Walikuwepo Abel Balthazar na gitaa lake, Cosmas Chidumule na sauti ile ambayo baadaye aliigeuzia nyimbo za dini, na Michael Enoch, mwalimu wa wengi, aliyekwisha pata sifa tangu enzi za Dar es Salaam Jazz. Bendi hiyo mpya ikachukua mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. JUWATA walikuwa na Msondo, nao ni jina la ngoma ya pwani. Kwa hiyo utaona kwamba hata majina yenyewe yalikuwa ya majirani waliogombana.

TTTS ilipokwama, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, likaichukua bendi mwaka 1983. Mwaka 1985 Gurumo akahama tena pamoja na wenzake, safari hii kwenda Orchestra Safari Sound ya Hugo Kisima, mtu binafsi, na huko kukazuka Ndekule. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwisha rudi alikoanzia, nako jina lilikuwa limebadilika tena: tangu mwaka 1991 chama kilikuwa OTTU, na bendi OTTU Jazz.

Nimeyaeleza haya kwa haraka, lakini kwa shabiki kila hatua ilikuwa kesi. Je, mtu akihama na sauti yake, bendi ile inabaki ile ile? Hili ndilo lililokuwa swali la bwenini, ingawa hatukuliweka kwa maneno ya kistaarabu namna hii. Wa Msondo walisema bendi ni mzizi, waimbaji ni majani. Wa Sikinde walijibu kwamba mzizi hauimbi. Hata hivyo wa Sikinde walipata taabu kubwa pale walipokumbushwa kwamba baba wa Sikinde, Gurumo, sasa alikuwa akiimba OTTU.

Sasa yafaa nieleze jinsi ubishi huu ulivyotufikia, maana Chato haikuwa Ilala. Wengi wetu tulikuwa hatujapata kuiona bendi hata moja kati ya hizo mbili. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa na desturi ya kusafiri bara kufuata misimu ya mazao, na kwetu hiyo maana yake ilikuwa pamba. Wazee wetu waliouza pamba msimu ukiwa mzuri waliweza kwenda dansini Mwanza au Geita, wakarudi na habari za miaka mitatu. Lakini baada ya Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978 katika mkoa wetu wenyewe wa wakati ule, petroli ilikuwa adimu, vipuri vilikuwa adimu, na nyuzi za gitaa zilikuwa adimu kama sabuni. Bendi kubwa ikisafirisha watu zaidi ya kumi na vyombo vyake kuvuka nchi nzima ilihitaji sababu nzito.

Kilichobaki kilikuwa Radio Tanzania. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Aliyetaka sahani alikwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 haukufunguliwa hadi 1983. Kwa hiyo studio ya RTD ndiyo iliyokuwa mlango mkuu wa wimbo. Bendi iliingia, ikarekodi, ikalipwa ujira mdogo, na utepe ukabaki maktaba ya redio. Haukuuzwa dukani. Wimbo ulikuwa wa kusikiliza tu, na wa kusikiliza pale mtangazaji alipopenda. Ndiyo maana kipindi kama Klabu Raha Leo Show kilikuwa na heshima ya ibada, na watu wakatumia pesa zao kununua kadi za salamu ili jina lao lisomwe kabla ya wimbo.

Betri tulizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu ya nusu saa zaidi. Mwenye redio alikuwa na sauti katika mjadala kuliko kiranja. Usiku mawimbi yalikuwa mazuri, lakini usiku ndio uliokuwa wakati wa kujisomea, nami sitataja hapa tulivyolitatua tatizo hilo, kwa kuwa baadhi ya walimu wetu bado wanasoma gazeti hili.

Na tulisubiri. Bendi hizi hazikutoa nyimbo kwa namna inayotolewa leo, usiku wa manane kwenye simu. Wimbo mpya ulianza kupigwa jukwaani. Ulipigwa Amana, au DDC Kariakoo, wiki baada ya wiki, na watu wa pale ndio waliokuwa mahakimu. Beti iliyowafanya watu wakae chini ilirekebishwa. Kipande cha magitaa kilichowafanya wapige mayowe kilirefushwa. Yawezekana miezi ikapita ndipo wimbo ukapelekwa RTD kurekodiwa. Kwa hiyo mtu aliyetoka Dar es Salaam alikuja na mali: alikuwa amesikia nyimbo ambazo redio haikuwa nazo. Tulikuwa na mwalimu mmoja wa Jiografia ambaye kila alipotoka likizo alizungukwa kabla hajashusha begi. Alitusimulia habari za nyimbo ambazo hazijarekodiwa, nani anaanza kuimba, nani anaitikia, tarumbeta zinaingia wapi. Alituimbia vibaya sana. Sisi tukabishana juu ya nyimbo hizo kana kwamba tumezisikia, na zilipokuja kutokea redioni baada ya miezi, kulikuwa na waliosema mwalimu alizipunja, na wengine wakasema RTD ndiyo iliyoziharibu.

Tulibishana juu ya nini hasa? Wa Msondo walitetea vyombo vya kupuliza, ile namna tarumbeta na saksafoni zinavyoingia kama watu wanaovunja mlango, na sauti ya Moshi William. Yeye aliitwa TX, kwa mfano wa namba za magari ya wataalamu wa kigeni wa enzi hizo, maana yake fundi aliyebobea. Wa Sikinde tulitetea magitaa yanayosemezana bila kupandiana, na mashairi. Wimbo wa Chidumule wa "Neema" ulikuwa ushahidi wetu wa kudumu, na ulipotolewa mbele ya baraza kesi iliahirishwa. Katikati walikuwepo wale wasioweza kuhukumiwa, kama Shaaban Dede, mwana wa Kagera, ambaye kwa nyakati mbalimbali aliimba pande zote mbili. Kila upande ulimdai yeye kama vile ukoo unavyodai maiti.

Nawaomba radhi waliokuwa watu wa Maquis na wa Remmy Ongala. Walikuwepo, tena walicheza vizuri kuliko sisi wote. Lakini hawakuwa na mtani, na ushabiki usio na mtani hupoa.

Naamini utani huo ndio uliowaokoa Msondo na Sikinde. Serikali ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na mashirika ya umma yalipoanza kuuzwa au kufungwa miaka ya 1990, bendi za mashirika zilikatika moja baada ya moja. Hakuna meneja mpya aliyeona sababu ya kiwanda kulipa mpiga besi. Urafiki, Bima Lee na Tancut zimebaki majina tu. Vikaja vituo vya redio vya watu binafsi, na huku kwetu Radio Free Africa ya Mwanza ilianza kusikika vizuri kuliko RTD. Ukaja muziki wa Kongo kwa kanda, kisha Bongo Fleva. Msondo na Sikinde zilipoteza waajiri wao kama wenzao walivyopoteza, lakini kila moja ilikuwa na kundi la watu ambao wasingekubali mwenzake abaki peke yake. Ilipofika sikukuu, Msondo na Sikinde ziliwekwa jukwaa moja kwenye viwanja vya TCC Chang'ombe zishindane, na watu walijaa, wengine wenye mvi, mmoja akiwaita Msondo Baba ya Muziki na jirani yake akimjibu kwamba Sikinde ndio Mabingwa.

Kuhusu swali la kubadili jina, watu wa Chato tusingepaswa kuwa wagumu wa kuelewa. Tumekuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, tukawa Kagera, tangu 2012 tumekuwa Geita. Tulikuwa Wilaya ya Biharamulo hadi ilipoundwa Wilaya ya Chato mwaka 2005. Hakuna aliyehama nyumba. NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma ni hivyo hivyo. Mtani wangu mmoja wa darasani bado anakataa, anasema kwamba kijiji hakina sauti ya kuondoka nayo.

Lakini kuna upande wa jambo hili ambao bwenini hatukuugusa, nami kwa kazi yangu ya ofisini siwezi kuupita. Ni upande wa malipo.

Uingereza kuna bendi ya Rolling Stones iliyoanza mwaka 1962, miaka miwili tu kabla ya NUTA Jazz. Kiongozi wake Mick Jagger alizaliwa mwaka 1943, mdogo wa Gurumo kwa miaka mitatu. Mwaka 2023 walitoa albamu ya nyimbo mpya, ambayo washabiki wao walikuwa wameingojea tangu ile ya 2005, na mpiga ngoma wao Charlie Watts alikuwa amekwisha fariki mwaka 2021. Washabiki wale nao hubishana kama sisi: bendi bila fulani ni bendi? Wenzao wa Queen hubishana vivyo hivyo juu ya bendi inayoendelea kupiga bila Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Tofauti ni kwamba shabiki wa kule hununua sahani, na redio ikipiga wimbo, mtunzi hupata chochote. Sisi tulipenda kwa nguvu ile ile, lakini hapakuwa na dirisha la kupitishia shilingi yetu imfikie mtunzi. Hata tungekuwa nayo, na kusema kweli hatukuwa nayo, tungeilipa wapi? Kadi ya salamu haikumfikia Gurumo. Kanda tulizonunua gulioni Bwanga au Buseresere zilikuwa zimenakiliwa na mtu aliyenakili kwa mtu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaanza kazi baada yake. Kwa vijana wa Bongo Fleva ilikuja mapema kiasi. Kwa kizazi cha 1964 ilikuja wakati nyimbo zao zimekwisha pigwa redioni miaka thelathini na mitano. Wale waliokuwa waajiriwa wa chama walipata mshahara, na mshahara ule ulikuwa na heshima yake katika miaka yake. Siwezi kusema kwamba waliimba bure. Lakini mshahara hulipa siku ya kazi. Wimbo unaendelea kufanya kazi baada ya mwimbaji kwenda nyumbani, na malipo ya kazi hiyo hayakuwekwa katika fungu lolote.

Moshi William alifariki Machi 2006. Gurumo aliendelea hadi mwaka 2013, alipotangaza kustaafu akiwa na umri wa miaka 73, na alieleza hadharani kwamba muziki wa zaidi ya nusu karne haukumwezesha kununua gari. Mwezi ule ule wa Agosti, kijana Diamond Platnumz alimwita jukwaani katika uzinduzi wa wimbo wake akamkabidhi gari. Nchi nzima ilishangilia. Mimi nilifurahi kwa ajili ya mzee, kisha usiku nikafanya hesabu ambayo mtumishi wa serikali hawezi kujizuia kuifanya: karani aliyeajiriwa mwaka 1964 angestaafu miaka mingi kabla ya hapo, akapata kiinua mgongo na pensheni, asisubiri kijana mwenye moyo mzuri. Gurumo alifariki tarehe 13 Aprili 2014. Dede alimfuata Julai 2017.

Msondo haikufungwa. Mtoto wa Moshi William, Hassan Moshi, aliyepewa jina la TX Junior, alisimama mahali pa babaye. Tepe za RTD zikarithiwa na TBC, na kwa zaidi ya miaka kumi watu wa ndani na wa nje wamekuwa wakihangaika kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Humo ndimo zilimo nyimbo zote tulizozigombania.

Sasa niseme la kamati. Limetolewa pendekezo kwamba katika jioni ya mkutano wetu tuache disko, tukodi bendi ya Mwanza inayopiga zilipendwa, na kwamba juu ya gharama ya bendi tuchange mfuko mdogo wa kusaidia wanamuziki wazee wa Kanda ya Ziwa, kupitia chama chao. Wapo wanaosema ni ghali. Ni ghali kweli. Bendi yenye wapulizaji watatu haiwezi kuwa rahisi kama kijana mmoja na kompyuta, na mimi sioni kama hilo ni kosa la wapulizaji. Mchango umewekwa mmoja kwa wote, awe wa Msondo au wa Sikinde, na mhazini anapokea kwa simu. Mimi nimekwisha lipa, na kwenye sababu ya malipo nimeandika "Sikinde", ili kumbukumbu za chama zionyeshe nani alitangulia.